Gari Liko Kasongo, Ramani Iko Tokyo

Saa sita mchana Kasongo, jua liko utosini, na saa ya dashibodi inasema 19:00. Dereva aliyelizoea gari lake hashtuki tena. Alikwisha kuirudisha nyuma mara nyingi, na kila akiwasha gari asubuhi ya pili huikuta imeruka tena saa saba mbele. Baada ya saa huja sauti: ni ya mwanamke mpole, mwenye adabu zote, anayetamka sentensi moja ya Kijapani kisha ananyamaza. Mwisho, kioo cha katikati ya dashibodi huwaka na kuandika mstari ambao hakuna mtu soko zima anayeweza kuusoma.

Yote matatu yana maelezo, na hakuna lililo uchawi. Mtambo wa ramani hupokea wakati kutoka kwenye setilaiti za GPS, kisha huongeza saa tisa, kwa sababu waliouunda waliufunza kwamba dunia yote ni Japani. Maniema, jimbo la Kongo lenye Kasongo, huongezewa saa mbili tu. Tofauti ni saba. Maana yake, antena ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi ni nzima, na inaziona setilaiti juu ya Maniema kama ilivyoziona juu ya Osaka. Yule mwanamke anaarifu kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani, mfumo ulioanza kutumiwa na umma mwaka 2001. Kwenye njia ya Kabambare vizuizi vipo, ila hakuna kinachofunguka kwa kadi. Na ule mstari wa kioo unaomba kitu kimoja: weka diski ya ramani.

Diski hiyo, mara nyingi, haipo. Ilitolewa na mwenye gari wa kwanza kabla ya mnada, au imo ndani na mashine imegoma kuisoma. Hapo ndipo fundi wa redio anapoitwa.

Magari ya namna hii si mengi kusini mwa Maniema, na ni vizuri jambo hilo lisemwe mapema. Anayesimama barabarani kati ya Kasongo na Kabambare, umbali unaozidi kilomita 100 kuelekea mashariki, ataona kwanza pikipiki, halafu baiskeli, ambazo Waswahili wa Kongo huziita kinga, zinazosukumwa zikiwa na madumu ya mawese na magunia ya mchele. Malori hupita yanapoweza kupita. Magari yaliyoizoea zaidi njia hii ni Land Cruiser ngumu za mashirika ya misaada, zile ndefu za kubeba watu kumi, na hizo hazina kioo chochote cha ramani. Zina redio ya mawimbi mafupi, antena ndefu inayopigapiga matawi, na dereva anayejua kila shimo kwa jina. Magari yenye ramani ya Kijapani ni ya wafanyabiashara, ya maofisa wachache, ya watu waliorudi na mali kutoka mjini: Prado, RAV4, Harrier, Noah, yaliyotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kuuzwa nje.

Safari yao ya kufika ni ndefu kuliko umri wa baadhi ya watoto wanaoyashangilia. Meli huyashusha Dar es Salaam. Kutoka hapo mengine huelekea Tunduma, yakapita Zambia hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Mengine huenda Kigoma na kuvushwa Ziwa Tanganyika. Mengine hupitia Rwanda hadi Bukavu. Reli haiwasaidii sana watu wa Kasongo mjini, maana njia ya Kindu kwenda Kongolo iko ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba na stesheni ya Samba iko huko huko. Gari linapofika, usukani wake uko kulia katika nchi inayoendesha kulia, redio yake haishiki nusu ya vituo, na ramani yake inamalizika Okinawa.

Habari ya redio ni ndugu wa habari ya ramani. Masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na, kwa redio nyingi za zamani, hukoma 90. Masafa ya Kongo na nchi jirani huanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani husikia ukingo mdogo tu wa kinachotangazwa, na sehemu kubwa ya vituo, pamoja na habari za jioni, hupita juu ya masikio yake. Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinachoyashusha masafa ya juu ili redio iyapate. Ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho cha kwanza kuulizwa kwa fundi. Ramani huulizwa baadaye, tena mara nyingi kwa aibu kidogo, kama mtu anayeulizia nguo asiyokuwa na pa kuivalia.

Japani ilikuwa nchi ya kwanza kuijaza mitambo hii katika magari ya kawaida. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ilitoa mtambo uliofanya kazi bila setilaiti: kifaa cha kupima mgeuko wa gari kilichotumia gesi ya heli, na ramani zilizochorwa kwenye karatasi angavu, zinazobadilishwa kwa mkono. Mwaka 1987 Toyota Crown iliuzwa ikiwa na ramani kwenye CD. Mwaka 1990 Mazda ilifunga GPS ndani ya Eunos Cosmo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 DVD ilichukua nafasi ya CD, kwa sababu iliyo wazi: CD hubeba takriban megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Nchi nzima ya Japani, pamoja na majina ya maduka na namba zake za simu, iliingia kwenye sahani moja. Baadaye zikaja diski ngumu, kisha kadi ndogo za kumbukumbu. Mtambo wa DVD wa miaka ya 2000 ndio uliofika kwa wingi Afrika Mashariki na Kongo, na ndio unaoharibika kwa namna inayompa fundi kazi ya kweli, kwa kuwa ndani yake mna vitu vinavyozunguka.

Fundi mzuri hafungui kitu kwanza. Anasikiliza.

Diski ikiingizwa na kumezwa, kuna mlolongo wa sauti ambao sikio hujifunza: roli za mpira huivuta, kitu kinakaa mahali pake kwa mlio mdogo, diski inaanza kuzunguka, inatulia, na mashine inaanza kusoma kwa kukwaruza kidogo kama panya ndani ya gunia. Diski isipomezwa kabisa, tatizo ni roli zilizoteleza au gia. Ikimezwa lakini haizunguki, ama mota imekufa ama jicho la leza halijaiona diski, maana mitambo mingi haianzi kuzungusha mpaka jicho liridhike kwamba kuna kitu. Ikizunguka kwa kasi, ikapungua, ikazunguka tena, mara tatu nne, kisha ikatemwa nje, hiyo ni mashine inayoona lakini haisomi: lenzi chafu, leza iliyochoka, au diski yenyewe ni mbovu.

Jaribio la bei rahisi kuliko yote ni diski nyingine. Wengi huliruka na kung'oa dashibodi nzima, kisha wanagundua kwamba kosa lilikuwa mkwaruzo. Hapa kuna jambo ambalo hata watu wa mjini hawalijui. Kwenye CD, tabaka linalobeba data liko juu, chini kidogo tu ya rangi ya maandishi, kwa hiyo aliyekwaruza upande wa picha ameiua diski, na aliyekwaruza upande unaong'aa amejeruhi plastiki tu. Kwenye DVD tabaka hilo liko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na kidogo kila kimoja, hivyo pande zote mbili lina ulinzi. Mkwaruzo mwepesi wa upande unaong'aa unaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Kuzungusha kitambaa kwa duara, kama mtu anayepangusa sahani ya chakula, huacha mikwaruzo inayofuata njia ya data, na mashine huvumilia mkwaruzo unaokatiza njia kuliko unaoifuata.

Diski ikithibitika kuwa salama, bisibisi hutoka.

Katika magari mengi mashine ya diski iko nyuma ya kioo cha dashibodi. Katika baadhi ya magari ya zamani iko peke yake, chini ya kiti cha mbele au ndani ya buti. Ile ya chini ya kiti ndiyo huteseka zaidi. Gari likivuka kijito maji yakapanda hadi kwenye zulia, mashine hunywa kwanza kuliko abiria. Kisanduku kikifunguliwa, kinachoonekana ni hesabu ya barabara: vumbi jekundu limeingia kwa kila tundu na kutulia katika tabaka laini kama unga wa muhogo, na pale unyevu ulipolikuta limekuwa tope kavu. Kasongo haina kipindi kimoja kinachoihurumia mashine. Kiangazi cha katikati ya mwaka huleta vumbi. Miezi iliyobaki huleta mvua na hewa nzito, na gari lililolala nje usiku huamka na ukungu juu ya lenzi. Huu wa mwisho hauhitaji fundi. Gari likae juani saa moja, madirisha yafunguliwe kidogo, na mashine iliyokataa asubuhi inasoma saa nne.

Chini ya kifuniko cha bati, mtambo umening'inizwa kwa springi nne na mito midogo ya mpira iliyojaa mafuta mazito. Kazi ya mito hiyo ni kuzuia mtikisiko. Waliouunda walifikiria barabara za Japani: viungo vya madaraja, matuta machache, reli zinazokatiza njia. Hawakufikiria kilomita nyingi za mawimbi ya udongo mkavu, ambayo hutikisa gari mfululizo kwa saa nzima. Mto ukipasuka, mafuta hutoka na kunata kwenye vumbi, na jicho la leza hubaki likirukaruka juu ya njia za data ambazo nafasi kati yake ni mikroni 0.74. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu, ukilazwa juu ya DVD, hufunika njia nyingi kiasi cha kushangaza.

Jicho lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Lenzi ni tone la plastiki lenye upana wa milimita chache, rangi yake kama buluu iliyofifia ukiiinamisha kwenye mwanga, nayo imeshikwa hewani na waya nyembamba sana, kwa kawaida nne, mbili kila upande. Kuna koili na sumaku zinazoipandisha na kuishusha, kuipeleka kushoto na kulia, mara nyingi katika kila sekunde, ili miale ikae juu ya data hata diski ikiyumba. Mashine ikiwashwa wazi, lenzi huonekana ikiruka juu na chini mara mbili tatu: inatafuta diski. Mwanga wa DVD ni mwekundu na huonekana kwa macho. Wa CD uko nje kidogo ya uwezo wa macho. Hakuna anayepaswa kuinama na kuchungulia. Simu huelekezwa kwa pembeni, na kwenye kioo chake mwanga usioonekana hutokea kama doa la zambarau. Kamera ya mbele mara nyingi huuona vizuri kuliko ya nyuma, ambayo huwa na kichujio kikali zaidi.

Kusafisha lenzi ni kazi ya dakika moja inayoharibiwa na haraka. Pamba kwenye kijiti, tone la pombe ya duka la dawa yenye nguvu ya asilimia 90 kama inapatikana, na mkono mwepesi kama wa mtu anayempaka mtoto wanja. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi na huacha alama. Petroli, manukato na dawa ya kutolea rangi ya kucha huitia plastiki ukungu wa kudumu. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, nayo, hata ile inayowaka moto wa buluu, ina mambo yake mengine ndani na haifai kwa lenzi. Mafuta ni hivyo hivyo. Reli ya chuma ambayo jicho husafiri juu yake inahitaji grisi nyeupe kidogo mno, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, baada ya ile ya zamani iliyokauka kuondolewa. Mawese, pamoja na heshima yake yote Maniema, huganda na kuvuta vumbi.

Ikiwa haya yote hayakusaidia, sababu ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni utepe wa waya, ule mwembamba bapa unaounganisha jicho na bodi. Jicho linapokwenda na kurudi utepe hujikunja mahali pale pale kwa miaka, mpaka mstari mmoja wa shaba unakatika ndani bila alama nje. Dalili yake ni mashine inayosoma mwanzo wa diski na kupotea inapofika katikati. Ya pili ni leza kuchoka. Hapo baadhi ya mafundi hutafuta skrubu ndogo pembeni ya jicho na kuikaza kidogo, leza inapata umeme zaidi, na mashine inafufuka mbele ya mteja. Malipo yanatolewa. Wiki chache baadaye leza imeungua kabisa. Ni hila inayojulikana tangu enzi za CD za muziki, na mteja aliyewahi kuonja matokeo yake huuliza kabla: umesafisha, au umekaza?

Njia ya haki ni kubadilisha jicho zima, ambalo mafundi hulifupisha kwa kuliita lenzi. Jicho jipya huja na tone la risasi lililolehemiwa kwa makusudi kwenye bodi yake, likiunganisha njia mbili, ili umeme tuli wa vidole usiiue leza njiani. Tone hilo huondolewa mwishoni, baada ya utepe kufungwa. Fundi asiyejua huliacha, mashine haifanyi kazi, na jicho zima linarudishwa likilaumiwa. Anayejua kidogo huliondoa mapema, na jicho linakufa mkononi mwake kimya kimya. Tatizo la Kasongo ni kwamba spea yenyewe iko Lubumbashi, Bukavu, Dar es Salaam au China, na hutumwa na mtu anayemjua mtu. Ndiyo maana chini ya meza ya fundi kuna mashine za DVD za nyumbani zilizokufa, zinazochunwa moja baada ya nyingine. Mara chache jicho la humo hulingana. Mara nyingi kinacholingana ni gia, mota au springi tu, na hilo nalo si haba.

Kazi hii hufanyika kwa umeme wa sola au jenereta, kwa chuma cha kulehemu ambacho hupoa wingu likipita. Anayeingojea anakaa kwenye benchi akitazama skrubu zake zikiwekwa juu ya karatasi kwa mpangilio wa zilivyotoka. Fundi asiyezipanga hivyo ni wa kuogopwa.

Lakini kuna mlango mwingine ambao bisibisi haiufungui. Barabara hizi huvunja chesisi. Chesisi ikivunjika huchomelewa, na mchomeleaji makini hung'oa kwanza waya wa betri ili asiunguze kompyuta za gari. Betri ikirudishwa, mitambo mingi ya Toyota hujifunga kama ulinzi dhidi ya wezi na kuomba namba ya siri, chini ya herufi ERC. Namba hiyo alikuwa nayo mwenye gari wa kwanza, pengine mzee wa Nagoya ambaye hajui kwamba gari lake liko hai. Afrika Mashariki kumezaliwa biashara nzima ya watu wanaoituma namba kwa simu: unapiga picha namba ya mtambo iliyo kwenye kioo, unalipa, unarudishiwa tarakimu. Mitambo mingine haiombi namba bali diski ya ramani, kwa kuwa programu yake huipakia kutoka humo. Bila diski haiwashi hata redio. Kwa gari kama hilo, kutengeneza mashine ya diski si anasa ya kutazama Tokyo. Ndiyo njia pekee ya kusikia muziki na kuona nyuma kwa kamera.

Na si kila kosa la mtambo ni la mtambo. GPS huhesabu wiki kwa namba isiyozidi 1,024, sawa na karibu miaka 20, kisha huanza tena sifuri. Hilo lilitokea Agosti 1999 na tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa vilirudi nyuma. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda duniani zilijikuta ziko mwaka 2002, na madereva wa Marekani na Uingereza wakaudhika sawasawa. Aliyepelekewa gari la namna hiyo akafungua mashine ya diski alitafuta nyoka ndani ya chungu kitupu.

Tuseme sasa kazi imefaulu. Jicho ni jipya, reli ina grisi, diski ya ramani iliyonakiliwa kwa kasi ndogo kwenye DVD safi imemezwa na kusomwa. Kioo kinaonyesha nini? Kinaonyesha Japani. Mshale unaowakilisha gari hubaki pale lilipoonekana mara ya mwisho, kwenye kona fulani ya mji usiojulikana, au huelea katika rangi tupu isiyo nchi wala bahari. Setilaiti zimeshamwambia mtambo ukweli: digrii nne na nusu kusini mwa ikweta, digrii 26 na nusu na ushei mashariki. Mtambo hauna karatasi ya kuuandikia ukweli huo. Kiwanda kilichapisha diski za nchi ambazo wateja wake walinunua magari mapya, na Kasongo hainunui magari mapya.

Ukweli huu una kejeli kwa mtu anayeijua historia ya mahali hapa. Katika karne ya 19 Kasongo haikuwa pembezoni mwa ramani ya mtu. Ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, na njia ya misafara kutoka Ujiji ilipitia Kabambare. Waliokuja kuchora ramani ndio waliomhitaji. Henry Morton Stanley alifika mto Luama unapoingia Lualaba mwezi Oktoba 1876, akakutana naye, na kwa maandishi yake mwenyewe akaahidi dola 5,000 ili asindikizwe kambi sitini kuelekea kaskazini. Kiswahili kinachosemwa hapa, Kingwana, kilikuja na misafara hiyo hiyo, pamoja na maumivu yake. Aprili 1893 majeshi ya Dhanis, ofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yaliuteka mji, na njia kuu zikaanza kuelekezwa kwingine: mtoni, kisha relini.

Ramani ya sasa inachorwa na watu wengine kabisa. Mwaka 2004 ulianzishwa OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuihariri, na mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Misalaba Myekundu ya Uingereza na Marekani na wenzao wakaanzisha Missing Maps, ambako watu wa kujitolea hukaa mbele ya picha za setilaiti na kuchora paa, kijito na kila njia inayoonekana. Sababu haikuwa madereva. Ilikuwa surua, kipindupindu na maswali kama: kijiji hiki kina nyumba ngapi, na kiko ng'ambo ipi ya mto? Madaktari hao wamefanya kazi Salamabila, kwenye eneo la Kabambare lenye dhahabu ya Namoya, na anayejaribu kufikisha chanjo huko anajua bei ya kijiji kisicho na jina kwenye karatasi. Simu ya bei ya kawaida yenye programu ya OsmAnd au Organic Maps huipakua kazi hiyo yote mara moja, mahali penye intaneti, kisha hufanya kazi bila mtandao. Kadi yenye ukubwa wa ukucha inabeba kile ambacho DVD ya Kijapani haikuwahi kubeba.

Ndiyo maana madereva wengi wamekata shauri rahisi: simu imegandishwa kwa mpira juu ya kioo cha Kijapani, na mashine ya diski iliyotengenezwa kwa jasho inapiga DVD za muziki. Hata hapo kuna kikwazo, maana mtambo hukata picha gari linapoanza kwenda. Fundi huujua waya wa breki ya mkono unaoupa mtambo habari hiyo, huuunganisha na bodi ya gari, na mtambo huamini kwamba limeegeshwa milele. Polisi wa barabarani wa Japani wasingefurahi. Abiria wa kiti cha nyuma hufurahi sana.

Simu nayo ina mipaka yake. Inaonyesha mstari kutoka Kasongo hadi Kabambare, na mstari huo ni sahihi; aliyeuchora aliiona barabara kutoka juu, siku isiyo na mawingu, pengine miaka kadhaa iliyopita. Picha ya setilaiti haionyeshi kama mbao za daraja zimeoza chini, wala kama lori limekwama tangu juzi katikati ya tope na kufunga njia. Hilo huulizwa. Dereva hupunguza mwendo akimwona mwenye kinga anayetoka upande wa pili, mikono imekakamaa kwenye usukani, mzigo ukipita kichwa.

"Papa, kule mbele daraja iko?"

"Ya kwanza iko. Ya pili, mbao mbili zimekwenda na maji. Pita kuume, polepole."

Dereva anazima muziki, anaendesha hadi ukingoni, na anashuka kwenda kuzihesabu mbao zilizobaki.